Pale Nilipoandika "Haisikiki"

Wenzangu wa idara, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba kuna mahali ninachelewa kwenda, kisha mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Haya. Vyeo sitaviandika, viko kwenye faili, na faili iko kwa karani. Nitaandika juu ya kaseti, masikio, na mwanamke mmoja wa Kisian niliyemwonea wivu tangu sina mvi hata moja. Anayetaka maneno ya hekima amtafute shehe au padri.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kaloleni hapa Kisumu. Babu yangu alikuja Kisumu kutoka pwani akifuata biashara, akaoa huku, akazikwa huku. Nyumbani tulisema Kiswahili, nje ya mlango tukasema Kijaluo, na nilidhani lugha zote mbili ninazijua sawasawa mpaka siku yangu ya kwanza kazini. Siku hiyo nilipewa meza yenye mguu mmoja mfupi, nikaambiwa nitafanya utafiti wa habari zilizomo ndani ya nyimbo: magazeti yalisema nini, wanamuziki wakasema nini, na watu wakabaki wakikumbuka lipi. Kisha mkuu wa idara akanipeleka kwa Bwana Njoroge, fundi mitambo wa studio, akaniacha hapo kama mzigo.

Njoroge alikuwa mtu wa Murang'a. Kabla ya kuajiriwa na chuo chetu aliuza rekodi na kutengeneza redio mjini, na Kijaluo chake kilitosha salamu na bei ya samaki tu. Lakini kila ninachojua kuhusu kusikiliza nilikipata kwake. Alinifundisha kurudisha utepe wa kaseti kwa penseli, na kuzianika betri juani dirishani ili ziseme tena nusu saa. Alinifundisha kukusanya vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye chupa za dawa na kuviweka ndani ya kila sanduku la kaseti. "Hili ziwa lenu linakula kaseti, Mama Zuhura," alikuwa akisema. "Linaanza na ukungu, linamaliza na kila kitu." Mimi sikuwa mama wa mtu wakati huo, lakini kwake kila mwanamke mwenye kalamu alikuwa Mama.

Siku ya kwanza alinivalisha hedfoni nzito zilizonukia mafuta ya nywele za watu walionitangulia, akanipa karatasi, akaniambia niandike ninachosikia, si ninachojua. Nikauliza, je, neno likinishinda?

"Sikiliza mara tatu. Likikushinda, mwite mtu wa pili. Akishindwa, mwite wa tatu. Mkishindwa wote, ndio uandike haisikiki. Na ukiandika, jua umeapa. Kesho kaseti itakufa, itabaki hiyo karatasi yako."

Nilicheka. Nilidhani ni mikwara ya mafundi.

Wiki ya pili nilikuwa nimekwama kwenye mstari mmoja siku mbili nzima. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana wa umri wangu, mkoba begani, viatu vina vumbi la barabarani. Aliandikia gazeti dogo la hapa mjini, na alikuja kuazima kinasa sauti kwa Njoroge. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne tu. Akaniona nilivyokunja uso, akanivua hedfoni bila kuomba ruhusa, akasikiliza akiwa amesimama, mkoba ukiwa bado begani.

"Anasema bibi yake amepika omena bila kutoa mchanga," akasema. "Lakini si omena, wewe. Hapo anachoma kanjo, baraza la mji. Ile barabara yao iliisha ikiwa mchanga tu." Akanirudishia hedfoni. "Mimi naitwa Akoth. Wewe ni nani?"

Nikamwambia asante, naitwa Zuhura. Wivu wangu haukuja kidogo kidogo. Ulikuja siku hiyo hiyo, ukiwa mzima, umevaa na viatu. Mimi nilikuwa na digrii mbili na kamusi. Huyu alikuwa na mkoba na masikio. Nilipobaki peke yangu nilirudisha kaseti, nikasikia ile omena, dagaa wa ziwa letu, na ule mchanga wazi kabisa, nikataka kulia.

Tukafanya kazi pamoja miaka mingi, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Alinijulisha kwa wanamuziki waliokuwa wakinionea mashaka, na akanieleza mafumbo mpaka nikayazoea. Makala yake yalitoka kesho yake asubuhi, na keshokutwa mama wa mandazi aliyafungia mandazi, na hata waliofungiwa mandazi waliyasoma wakati wanalamba vidole. Makala yangu yalichukua miaka mitatu, yakasomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mhariri. Nyinyi mnajua ninachosema.

Siku moja tuko kwenye kibanda cha chai mtaa wa Mamboleo, Akoth mdomo umejaa, akasema: "Hawa watu wetu hawahesabu miaka, Zuhura, wanahesabu nyimbo. Muulize mtu mafuriko yalikuja lini. Atakuambia ule wimbo ulikuwa unapigwa." Nikaacha kikombe, nikaandika kwenye daftari. Lile somo mnalofundisha mpaka leo, linaloanza na swali la mafuriko, lilizaliwa kwenye mandazi yale. Nilimtaja Akoth kwenye shukrani za kitabu changu cha kwanza, kati ya dereva na mpiga chapa. Aliposoma alisema, "Yawa, angalau nimekaa karibu na gari."

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Kulikuwa na mwimbaji, nitamwita Mzee Ochola, mpiga gitaa mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kila mwanamuziki wa ufuko huu alimheshimu. Alasiri moja alipiga katika ua wa hoteli moja Mamboleo, na mimi na Akoth tulikuwa meza ya mbele, kinasa sauti changu kimewekwa juu ya kiti chake chenyewe kama mgeni wa heshima. Walio wageni wa mambo haya niwaeleze: katika muziki wa Kijaluo kuna desturi ya kujigamba, inaitwa pakruok. Mtu anainua mkono, gitaa zinashuka, anajisifu au anamsifu rafiki yake, watu wanacheka, kisha muziki unapanda tena. Na mwimbaji naye akikupenda, anakuingiza ndani ya wimbo wenyewe, kwa jina lako na jina la kwenu. Ukishaingia humo umeingia. Nilikuwa nimeandika kurasa mia kueleza kwamba jina katika gazeti hukaa siku moja, na jina katika wimbo hukaa kuliko kaburi. Sitawaficha: nilitaka jina langu. Nililitaka mpaka mikono ikatoka jasho.

Mzee Ochola alikuwa akiimba wimbo mpya, wa ziwa na magugu yaliyofunga njia za mitumbwi. Wimbo ule haukuwahi kuingia studio. Ulipigwa vile siku ile tu, na mashine iliyounasa ilikuwa yangu. Katikati akashusha gitaa, akatutazama sisi wawili, akaniuliza kwanza mimi, mkubwa wa kazi:

"Na wewe, nyathina, nyar kanye?"

Yaani, mwanangu, wewe ni binti wa wapi. Nikajibu kwa fahari, kwa sauti ya kufika kwenye kinasa: "Nyar Kaloleni!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika nyuzi. "Aa, Mama! Kaloleni ni nyumba ya kanjo. Hiyo si kwao mtu. Hiyo nitaimba namna gani?" Hakuwa na ubaya, alikuwa akitania, na watu walinipigia makofi. Kisha akamgeukia Akoth. Hakumuuliza. Alimjua. Gitaa zikapanda, naye akaimba, ninakumbuka kila silabi: Akoth nyar Kisian, mwenye masikio, anasikia mpaka neno ambalo sijasema.

Akoth aliruka kwenye kiti, mikono juu, akalia kwa furaha. Na mimi nimekaa pale, kidole kwenye kitufe, ninamnasia mwenzangu sifa zake kwa mashine yangu na betri zangu. Nilizaliwa Kisumu, nimezika Kisumu, nimeandika Kisumu, na niliambiwa sina kwetu, mbele ya watu na gitaa. Wivu unauma, jamani.

Wiki ile niliuandika wimbo wote kwa ajili ya kitabu changu cha pili. Ulikuwa safi, hakuna kelele. Nilipofika kwenye ule mstari, nikaandika kwa herufi ndogo, ndani ya mabano, haisikiki. Nikaendelea na ubeti uliofuata. Wala sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Njoroge alipitia kila karatasi iliyotoka studio. Akaweka kidole pale. "Umesikiliza mara tatu?"

"Nimesikiliza," nikasema. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimesikiliza mara kumi.

"Wa pili alikuwa nani?"

"Akoth."

Akatikisa kichwa. "Kama Akoth ameshindwa, basi imeshindikana." Akatia sahihi. Hakumwita hata mtu wa tatu, kwa heshima ya masikio ya Akoth. Alifariki bila kujua kwamba nilimtumia hivyo.

Kitabu kilipotoka, Akoth alikuja ofisini kwangu. Alikuwa ameshahamia redio wakati huo, sauti yake inasikika kila jikoni. Aliweka kitabu mezani kikiwa wazi kwenye ukurasa ule.

"Hapa hukusikia?"

"Kulikuwa na kelele," nikasema. "Watu walikuwa wanapiga makofi."

Akapitisha kidole juu ya yale mabano. "Kelele," akasema. Akakifunga kitabu taratibu, akaniuliza hali ya mama yangu, akaondoka. Tuliendelea kusalimiana sokoni na misibani, lakini studio hakukanyaga tena. Mimi nilijiambia ni neno moja tu kati ya maelfu.

Miaka ikaenda. Mzee Ochola akazikwa. Kaseti ile ilikuwa kwenye sanduku la chini, na mtaniuliza kama niliweka kile kifuko cha kunyonya unyevu. Sikukiweka. Kama nilisahau au nilikusudia, sijui, na hilo ninaliapia. Beryl alipokuja idarani na mashine zake za kisasa na kuanza kuhamisha kaseti kwenye kompyuta, akaifungua ile akakuta ukungu mweupe umetambaa utepe wote. Alijaribu kila ujanja. Kikatoka kishindo na mvumo wa gitaa kwa mbali, basi.

Nadhani mlikuwepo wote kwenye ile sherehe ya kuniaga, mchana ule kwenye ukumbi, saa yenu ya ukutani imefungwa karatasi yenye maua. Beryl alitaka kunishtua kwa jambo zuri. Aliita bendi ya vijana, wazuri kweli, wakasema watapiga wimbo wa ziwa wa Mzee Ochola ambao wamejifunza kutoka kwenye kitabu cha Profesa. Nikatabasamu. Wakaanza. Wakafika ubeti wa tatu, kwenye ule mstari, na mwimbaji akafunga mdomo akaimba kwa pua: mmm-mmm, mmm-mmm-mmm. Halafu wote wakaitikia kwa pua, kwa madaha, kama ndivyo ulivyotungwa. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa nzuri, msinielewe vibaya. Uongo wangu ulikuwa umepata sauti ya kwanza na ya pili.

Na katika safu ya nne, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa amekaa Akoth. Beryl alikuwa amemwalika. Mvi zimejaa, kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa akitazama mikono yake. Wajukuu wake wawili walikuwa naye, na bendi ilipofika pale kwenye mmm-mmm, mmoja wao akamgusa kiwiko akacheka.

Nilimuuliza Beryl baadaye kile kicheko kilikuwa cha nini. Akaona haya kidogo. "Prof, wanamtania tu. Huwa anawaambia hapo ndipo aliimbwa jina lake. Wao wanamwambia Dani, kitabu kinasema haisikiki, wewe unajisifu bure. Siku hizi nyumbani wanamwita Dani Haisikiki." Dani ni bibi, kwa Kijaluo. Beryl akaongeza, "Nilimuuliza kama ana ushahidi. Akasema, muulize Profesa, alikuwa na mashine."

Sikulala vizuri siku kadhaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu nilikuwa nimezishona mwenyewe. Ningeweza kuandika masahihisho, mstari mmoja kwenye jarida ambalo watu wawili husoma. Nililiandika hata hilo. Kisha nikalichana, nikamwambia Beryl aje na kinasa chake, twende Kisian.

Kwa Akoth ni hatua chache kutoka barabara ya Busia, ua uliofagiwa, mihogo imeanikwa kwenye gunia, wajukuu, majirani wawili wamekuja kuazima kitu wakakaa. Alinipokea vizuri mno. "Profesa mwenyewe! Karibu, nyar kanjo." Huo ulikuwa utani wake mkali zaidi kwangu kwa miaka yote, na nilistahili. Mkwewe akaniletea kiti, akaninong'oneza: "Ongea kwa nguvu, Mama. Masikio ya Dani siku hizi yamechoka."

Yale masikio! Unajua nilihisi nini? Nitasema ukweli, maana nimeshazeeka: kwa nukta moja nilifurahi. Kisha nikaona haya mpaka shingoni.

Nikasogeza kiti karibu naye. Nikasema polepole, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kutubu bila majirani kujua. "Akoth, ule mstari. Nilisikia. Nilikuwa nimesikia."

Akakunja uso, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Haisikiki," akasema.

Wajukuu wakageuka kututazama. Hata majirani waliacha mihogo. Nikapandisha sauti. "Ule mstari wa Mzee Ochola! Nilisikia!"

"Haisikiki, Profesa."

Basi nikasimama. Mimi, mwanamke wa miaka yangu, na buibui langu na fimbo yangu, nilisimama katikati ya ua wa watu nikapiga kelele kama mchuuzi wa samaki. "Mzee Ochola alikuimba! Alisema Akoth nyar Kisian, mwenye masikio, anasikia mpaka neno ambalo sijasema! Niliandika haisikiki kwa wivu! Kwa wivu, Akoth! Hakukuwa na kelele!"

Wajukuu walikuwa wameduwaa. Yule aliyemgusa kiwiko siku ile alikuwa ameshika mdomo. Akoth akawatazama mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akanigeukia.

"Njoroge alikuwa anasema mara ngapi?"

"Mara tatu," nikasema.

"Ee."

Nikarudia. Mara ya pili sauti ilinikatika katikati, nikaimalizia hivyo hivyo. Mara ya tatu majirani walinisaidia kwenye jina, kwa mikono juu, kama inavyopaswa, na wajukuu wakaitikia, na mtu mmoja barabarani akapiga honi bila kujua inahusu nini. Akoth alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilisema kitu kifupi, upande wangu, lakini kelele ilikuwa nyingi. Tukanywa chai. Nilikula mihogo mitatu.

Juzi Beryl amenijia nyumbani, hapa Kaloleni, na karatasi. Ameandika kila kitu cha siku ile, neno kwa neno, kazi safi, Njoroge angeipenda. Bendi nayo imeshapewa mstari wake. Mwishoni kabisa, baada ya kelele za majirani, Beryl ameandika: Akoth, kwa sauti ya chini, haisikiki.

"Nimesikiliza mara tatu, Prof," akasema. "Nikamwita mwenzangu ofisini, naye ameshindwa. Wewe ndiye mtu wa tatu."

Nikavaa hedfoni. Zake ni nyepesi, hazinuki kitu. Nikasikiliza mara moja, nikaomba arudishe, nikasikiliza tena, na tena, ingawa nilikuwa nimeshapata mara ya kwanza. Beryl alikuwa akinitazama. Ningeweza kutikisa kichwa tu, na hakuna ambaye angejua nilivyochezwa.

Nikamwomba kalamu. Nikakata haisikiki kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika maneno ya Akoth kama alivyoyasema, yote:

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, Zuhura nyar Kaloleni."